Tandiko Lililochelewa

Mume wangu Serlo hakuwahi kuinamisha kichwa mahali popote isipokuwa kwenye mlango wa jikoni kwetu Normandia, na hapo ni kwa sababu boriti ilikuwa chini na yeye mrefu. Hata kanisani, padri akigawa mwili wa Bwana, padri ndiye aliyenyoosha mkono juu. Nilipoolewa nilidhani huo ni ushujaa. Nilikuwa msichana, na mwanamume anayemjibu kila mtu anapendeza sana, mpaka ifike siku uanze kuyalipia wewe majibu yake.

Tulikuwa na mashamba ya ngano Normandia, na ng'ambo ya bahari, Uingereza, tulikuwa na ngome ya mbao juu ya kilima, mpakani na Wales. Ngome hiyo ndiyo iliyotuponza. Serlo alitaka mnara wa mawe. Mfalme alikuwa amekataza mtu yeyote kujenga mnara wa mawe bila ruhusa yake, na Serlo hakuwa mtu wa kuomba ruhusa hata ya kupita. Akajenga. Mfalme akaagiza ubomolewe. Serlo akawajibu wajumbe kutoka juu ya ukuta, mdomo umejaa nyama ya nguruwe, kwamba kilima ni chake, mawe ni yake, na mfalme akitaka mnara akajenge kwake. Tulizingirwa kiangazi kizima, tukala farasi, na mwisho tukafungua lango.

Mara ile ya kwanza mfalme alisamehe, hata mnara akauacha usimame, lakini alitaka dhamana. Akamchukua mtoto wetu Wimund, mwenye miaka saba, akakae kwake. Nililia, lakini sikuogopa. Kila kabaila alikuwa na mtoto mahali fulani namna hiyo. Mateka alikula kwenye ukumbi wa mfalme, akafundishwa kupanda farasi na kucheza sataranji, akarudi nyumbani na adabu kuliko alivyoondoka. Hakuna kati yetu aliyekumbuka mateka kuguswa hata ukucha. Ndiyo maana baba zao waliweza kuasi na bado wakalala usingizi mzuri.

Wimund alipotimiza miaka tisa, Serlo aliasi tena. Safari hii sababu ilikuwa kipande cha msitu ambacho mfalme alimpa jirani yetu Gerbod. Naona aibu hata kukitaja. Msitu wenyewe ulikuwa wa miiba mitupu, nguruwe wetu walikuwa wakitoka humo wanalia.

Sasa, kwetu kuna desturi. Kabaila aliyeasi akitaka radhi ya bwana wake, huenda miguu peku, amevaa shati tupu, tandiko la farasi limemkalia shingoni. Hupiga magoti mbele ya watu wote, na bwana wake akitaka ampande kama mnyama, ni haki yake. Kwa kawaida hampandi. Humwinua, humbusu, wanakwenda kula, na kufikia jioni watu wanaongea habari za mbwa wa kuwinda. Wakubwa kuliko Serlo walishalibeba tandiko hilo. Gerbod naye alilibeba wakati wake, na Serlo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo alimwita Gerbod punda wa mfalme. Alimwita hivyo sokoni, akamwita hivyo kanisani, akamwita hivyo hata siku Gerbod alipomzika mama yake.

Mfalme alituma neno fupi. Serlo alete tandiko kabla mfalme hajakaa mezani siku ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, na mtoto ataondoka naye salama. Asipofika, Wimund atayalipia makosa ya baba yake kwa macho yake mawili.

"Anatisha tu," Serlo aliniambia. "Yule anampenda Wimund. Wanacheza sataranji pamoja, hujasikia?"

"Anayecheza sataranji ni wewe na mfalme. Mtoto ndiye kete."

"Ah, mke wangu, ulimi wako huo."

"Ulimi wangu umekosa nini? Nenda, Serlo. Beba hilo tandiko, uinamishe hiyo shingo kwa muda wa kusali Baba Yetu moja, uniletee mwanangu."

"Na Gerbod akiniona?"

"Atacheka! Acheke mpaka apasuke. Kicheko cha Gerbod kimemuua nani?"

Alizunguka chumba kama dume la mbuzi lililofungwa kamba. Nilimpigia magoti, mimi ambaye sikuwahi kumpigia magoti mtu huyo hata kitandani. Mwishowe alikubali. Aliondoka na mtunza farasi wetu Turold, na tandiko likapakiwa juu ya nyumbu, kwa sababu alisema hawezi kulibeba kutoka nyumbani mbele ya wakulima wake mwenyewe. Atalitia mabegani akifika.

Walirudi Wimund akiwa mbele ya baba yake juu ya farasi, amefungwa vitambaa usoni. Nilijua kabla hawajavuka daraja letu, kwa jinsi mtoto alivyokuwa ameshika manyoya ya shingo ya farasi kwa mikono miwili. Wimund hakuwa mtoto wa kushikilia kitu.

"Mto ulijaa," Serlo alisema. "Maji yalichukua daraja. Tulizunguka, tukachelewa. Albreda, mto ulijaa."

Nilimwamini. Niliulaani ule mto kwa majina yote niliyoyajua. Wimund alikuwa pale pale, kichwa kwenye mapaja yangu, na hakusema neno.

Mfalme alichukua ngome na mnara wake. Serlo hakupigania hata jiwe moja. Alikaa mwaka mzima mashambani Normandia akitazama ukuta, mpaka akaja mhubiri aliyekuwa akiwaita watu waende Nchi Takatifu, na Serlo akawa wa kwanza kusimama, akamwomba mhubiri amshonee msalaba begani pale pale. Watu walishangilia. Walisema angalia Bwana Serlo, muasi amekuwa askari wa Kristo. Mimi nilimwambia kwamba kama anakwenda, tunakwenda wote watatu. Mtoto wangu nilishampa mtu mara moja, na sikuwa na nia ya kurudia.

Lazima niseme ukweli kuhusu safari ile, maana Serlo ana mabaya mengi na hili lilikuwa jema lake. Alimsimulia mtoto kila kitu. Kutoka tulipopanda meli mpaka tuliposhuka, Wimund alikuwa akisema, "Eleza, baba," na Serlo anaeleza. Rangi ya maji asubuhi na rangi yake mchana. Pua za mabaharia. Mwanamke aliyekuwa akipigana na mbuzi ufukweni. Mtu aliyekuwa hapendi kuongea na walio chini yake alijifunza kuongea mpaka mate yamkauke.

"Ngamia yukoje?" Wimund aliuliza tuliposhuka Yafa, aliposikia mnyama akinguruma karibu yake.

"Ngamia? Mfikirie shangazi yako Mabile amekasirika. Umempata?"

"Nimempata."

"Mpe miguu minne mirefu. Umemaliza, huyo ndiye ngamia."

Wimund alicheka mpaka akakaa chini, na ngamia akamtemea Serlo mate. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mwanangu akicheka tangu apotewe na macho. Nilimpenda mume wangu siku hiyo kama msichana, na bado ninamwonea uchungu yule mwanamke niliyekuwa, kwa sababu hakuwa anajua kitu.

Kuna kilima ambacho mahujaji wakikifikia ndipo wanauona mji wa Yerusalemu kwa mara ya kwanza. Hapo kila mtu hushuka kwenye mnyama wake, huvua viatu, na kutembea peku mpaka langoni. Sisi tulifika asubuhi. Watu walikuwa wamejitupa chini, wanalia, wanabusu mawe. Wimund alikuwa ameshavua viatu vyake na kuvifunga kiunoni. Serlo alikaa juu ya jiwe, mkono kwenye kamba ya kiatu, na hakuweza kuifungua. Nilidhani ameshikwa na ukaidi wake wa zamani, hata kwa Mungu.

"Vua," nilimwambia. "Hata makabaila wote tuliokuja nao wamevua. Au na hapa kuna Gerbod?"

Alinitazama. Uso wake ulikuwa umepauka. Akanishika mkono akanivuta pembeni, nyuma ya nyumbu wetu, mbali na mtoto.

"Mto haukujaa," alisema.

Aliniambia yote hapo. Walifika kwa mfalme mapema, asubuhi ya sikukuu, hata umande haujakauka. Hakukuwa na mto wowote uliojaa. Ila nje ya lango la mfalme alikuwa amesimama Gerbod, amevaa nguo zake nzuri, anapiga soga na watu. Serlo alimwona kwa mbali, akamwambia Turold wasubiri chini ya miti kando ya barabara, mpaka yule mtu aondoke. Atalibeba tandiko, ndiyo, ila si mbele ya Gerbod. Wakakaa. Jua likapanda. Gerbod anaongea. Serlo akasema, hatakosa kuchoka. Mwishowe baragumu la chakula likalia, Gerbod akageuka akaingia ndani, na lango likawa wazi. Serlo akavua viatu haraka, akatia tandiko shingoni, akakatiza uwanja mtupu bila mtu hata mmoja wa kumcheka. Mlangoni pa ukumbi wakamwambia amechelewa. Gerbod alikuwa ameondoka langoni kwa sababu mfalme alikuwa amekaa mezani.

Nilimpiga kofi. Watu walikuwa wakiimba zaburi pande zote, wengine walidhani ni ibada ya aina fulani, na mama mmoja wa Flandasi akaanza kujipiga kofi yeye mwenyewe kwa toba. Nilimpiga tena.

"Baba?" Wimund aliita kutoka kule. "Eleza! Mji ukoje?"

Serlo alifuta uso. Akarudi kwa mtoto, akapiga magoti kando yake, akaanza kueleza: kuta, minara, kuba kubwa linalong'aa, moshi wa majiko. Sauti yake haikutetemeka. Mimi nilibaki nyuma ya nyumbu, nikavua viatu vyangu na kuvitupa bondeni.

Sikumsemesha Serlo mpaka majira ya mvua. Nilipomsemesha, nilimwambia jambo moja tu: "Mwambie mtoto. Amekusamehe kwa ajili ya mto. Umeiba msamaha huo."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Albreda. Ngoja nitafute siku nzuri."

Tukapewa ngome ndogo Galilaya, juu ya ziwa, chini ya bwana wa Tiberia. Ni hii hii ninayoishi mpaka leo. Ina tanki la maji, mizeituni michache na upepo usiokoma. Na hapa ndipo ilipoonekana ajabu ambayo kule kwetu hakuna atakayeiamini: shingo ya Serlo iliinama. Bwana wa Tiberia akisema njoo, anakwenda. Akisema toa askari, anatoa. Alimwinamia hata muuza chumvi. Turold, aliyetufuata hadi huku na ambaye alikuwa mzee sasa na mdomo wake umelegea, aliniambia siku moja, "Bi mkubwa, ninapomwona bwana anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, natamani kulia. Alikuwa na ndiyo hizo zote, mbona hakutoa moja wakati ule?"

 Nilimpa divai, tukanywa wote wawili.

Wimund alikua. Akawa mrefu kama baba yake, nywele nyekundu kama zake, na kazi yake ikawa kusokota nyuzi za pinde. Vidole vyake vilijua uzi uliolegea kabla mwenye upinde hajajua, na watu walileta pinde zao kutoka ngome nyingine. Alijifunza lugha ya wenyeji kwa kukaa uani na wanawake wanaochambua dengu, na alikuwa na mzaha ambao sikuuelewa lakini wao uliwavunja mbavu. Kila jioni, kabla ya chakula, alikwenda na baba yake ukutani. "Eleza," anasema. Na Serlo anaeleza ziwa, mashua, mlima wenye theluji upande wa Dameski, nani anakuja barabarani na amevaa nini.

Na kila mara nilipomtazama, Serlo alikwepa macho yangu. Baada ya mavuno, alisema. Baada ya Pasaka. Wimund akishapona homa. Wimund akishaoa. Akaoa, binti wa fundi mawe, Msiria mwenye sauti nzito, harusi ikapita. Mtoto akazaliwa, ubatizo ukapita. Yule mtu alikuwa bado amekaa chini ya miti kando ya barabara, anasubiri Gerbod aondoke.

Nilimwambia hivyo hivyo. Alilia. Kesho yake akaenda ukutani, akaeleza ziwa.

Usije ukafikiri alikufa vitani chini ya bendera. Watu walikuja kuiba mbuzi wetu, Serlo akatoka kuwafukuza bila kuvaa vazi la chuma, maana ni mbuzi tu, na mshale ukamchoma pajani. Alirudi akitembea, anatukana, ana mbuzi wote. Baada ya siku chache paja likavimba na kunuka, na Padri Ansgot, ambaye ametuzika wengi hapa, alilitazama akatikisa kichwa.

Padri alimsikiliza maungamo. Alipotoka alinivuta kando. "Amesema kila kitu. Mungu amemsamehe. Mwambie atulie sasa."

"Mungu hakupofuliwa, padri," nilimwambia.

Alinishangaa, lakini amenizoea.

Ilikuwa mchana. Serlo aliagiza Wimund aitwe. Mwanangu alikuja kutoka uani, nta ya nyuzi bado iko vidoleni, akapapasa ukingo wa kitanda, akakaa. Akauchukua mkono wa baba yake. Nilisimama dirishani, nikijiambia nitoke, nikashindwa.

"Wimund," Serlo alisema. "Nina neno. Nimekaa nalo muda mrefu, limeoza kuliko huu mguu."

"Sema, baba."

"Kuhusu mto."

Wimund alisogeza kichwa karibu.

"Hakukuwa na mto. Nilifika asubuhi mapema. Gerbod alikuwa langoni, na nilimwogopa. Si upanga wake, niliogopa mdomo wake. Nikakaa nikamsubiri aondoke. Nilikuwa pale, mwanangu. Nilikuwa hapo nje muda wote walipokuwa..." Akashindwa kumaliza.

Niliona kidole gumba cha Wimund kikipita juu ya mkono wa baba yake taratibu, kama anavyopima uzi.

"Najua," alisema.

"Nani kakwambia? Turold?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuona."

 Nje mbuzi wale wale walikuwa wakilia, wajinga, hawajui walichogharimu.

"Walikuwa wameniweka chumba cha juu," Wimund alisema. "Dirisha lilitazama barabara. Tangu alfajiri nilikuwa nimesimama hapo juu ya sanduku. Nikakuona unakuja na Turold na nyumbu, nikajua ni wewe kwa nywele. Ukaenda kukaa kwenye majani chini ya miti. Tandiko uliliweka ubavuni, lile la ngozi nyeusi. Ukanyoosha miguu. Kulikuwa na mti wa matufaha umeinamia barabara, ukachuma moja, ukawa unakula. Kitu cha mwisho nilichokiona vizuri duniani ni wewe, baba."

Serlo alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote, mwanangu, mbona hukusema?"

"Ningesema ungenikimbia." Wimund alitabasamu kidogo. "Wewe ukishaumbuka hukai. Ungekwenda zako vitani huko mbali ukafie, na mimi nani angenielezea?"

"Nisamehe."

"Baba."

"Sema umenisamehe. Usinipe mzaha leo, nakuomba."

Wimund aliinama, akaweka paji la uso wake juu ya paji la uso wa Serlo. Nywele zao, nyekundu na nyeupe, zikachanganyika. "Ulikuja," alisema. "Nilikuona umekuja. Nilimwambia yule aliyenilinda, nikamwambia, yule pale ni baba yangu, amekuja kunichukua. Nimekusamehe. Tulia sasa."

Serlo alitulia. Aliomba aelezwe nje kuna nini, na Wimund, kipofu, akamweleza: ziwa, mashua, theluji ya mlimani, kwa maneno yale yale aliyopewa na baba yake jioni zote zile. Serlo alikufa kabla ya kengele ya alasiri. Alikuwa na uso mwepesi. Padri alisema hajaona muasi aliyekufa vizuri hivyo, na watu wa ngome walisema ni neema ya msalaba, na mimi nilinyamaza.

Tulimzika upande wa ziwa. Baada ya mazishi, wageni walipomaliza mikate na kuondoka, nilimkuta Wimund uani, amekaa mahali pake, anasokota. Nilikaa karibu naye. Kulikuwa na kitu kimenikwama tangu siku ile, kama mwiba wa samaki.

"Ulimwambia mlinzi kwamba baba yako amekuja," nilisema.

"Ndiyo, mama."

"Kabla hawajakuchukua?"

"Kabla. Baragumu lilikuwa bado."

"Sasa kama walijua amefika, mbona hawakumngoja? Mbona hakwenda mtu kumwita? Ni hatua chache tu, Wimund!"

Vidole vyake viliendelea na kazi. 

"Yule mlinzi hakuwa mtu mbaya," alisema. "Alikuja dirishani. Alinishika begani, akachungulia vizuri, akaangalia nilipoonyesha. Akaniuliza, yule anayekula tufaha? Nikasema ndiyo, huyo. Akaniambia, hapana, mtoto, huyo ni msafiri tu. Mtu aliyekuja kuokoa macho ya mwanawe hawezi kuwa amekaa anakula tufaha."

Uzi ulikatika mkononi mwake. Haujawahi kumkatikia.

"Hilo hukumwambia baba yako," nilisema.

"Alikuwa anakufa, mama."

Nilimshika mikono yote miwili, yenye nta, na tukakaa hivyo mpaka mkewe akaja kutuita tukale. Serlo aliniungamia mengi nyuma ya nyumbu siku ile ya Yerusalemu: lango, miti, Gerbod na nguo zake. Tufaha hakulitaja. Labda alilisahau, na nadhani hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba huenda alilisahau. Namwombea kila Jumapili kama mke anavyopaswa. Naanza vizuri, nawataja wazazi wangu, namtaja Turold, nikifika kwenye jina la Serlo hasira inanipanda, nami naacha, navuta pumzi, naanza tena.